Mfuko Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kuandikia maumivu ya magoti yangu, ili nikifika kwa daktari nimsomee moja kwa moja asipate nafasi ya kunikatiza. Leo limepata kazi nyingine.

Mke wa mwanangu alinikuta nakunywa chai, akavuta kigoda, akasema anataka chumba cha mbele. Chumba cha mbele kilikuwa sebule ya marehemu mume wangu. Kina dirisha kubwa linalotazama barabara, na mwenye duka la dawa pale kona amekitolea macho mwaka mzima. Nilikuwa nimekaribia kumpa jibu zuri.

"Unakitakia nini?" nikamuuliza.

"Nifue nguo za watu, Mama."

"Mvua zinaanza wiki hii."

"Ndiyo maana. Nikiweza kukausha nguo za watu kwenye mvua, jua likija litanishinda nini?"

Mimi nikizidiwa hoja hupandwa na hasira. Binti huyu alifua mashuka ya hospitali miaka sita mpaka mkataba wake ulipokwisha. Mwanangu yuko mbali, anajenga barabara, na huko ameshapata nyumba. Anachongoja ni mkewe na mtoto wamfuate. Mkewe hataki. Anasema huko kuna kazi ya mumewe, yake haipo. Basi tumekubaliana hivi: chumba ni chake hadi mvua zikatike, mwisho wa Mei. Biashara ikisimama, abaki nacho. Isiposimama, kinakwenda kwa mwenye duka la dawa, na yeye anafunga mizigo na kuondoka na mjukuu wangu.

Alipoinuka akaniomba jambo moja. "Mama, umekagua shule miaka thelathini na moja. Nasikia walimu walikuwa wakiona kivuli chako getini wanafuta ubao ambao haujaandikwa kitu. Nikague na mimi. Ila usinikague kama mama mkwe. Uwe mteja. Upite mlango wa mbele, ulete nguo, uchukue nguo, na lisilokupendeza useme."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema, umeyataka mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Magoti yalikuwa yameshanipa taarifa tangu jana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kama mteja. Nilitoka mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba yangu mwenyewe chini ya mwavuli, nikabisha hodi kwenye sebule yangu mwenyewe. Mjukuu wangu ana miaka sita. Alinichungulia dirishani akacheka mpaka akakwama na kwikwi.

Ndani kuna meza ndefu ya kupigia pasi, mashine mbili alizonunua kwa akiba yake, kamba kumi na mbili zilizopangwa juu karibu na dari, na jiko la mkaa lililowekewa bati la kuongoza joto. Katikati ameweka pazia zito. Mteja haoni ng'ambo.

Amenipa mfuko wa turubai la kijani kibichi, zito kiasi kwamba hata ukiuinua kwenye mwanga huoni kilichomo. Kwenye kamba yake kuna kipande cha bati kimegongwa namba. Mimi ni namba moja.

"Hufungui ukahesabu mbele yangu?"

"Wewe umehesabu, mteja?"

"Magauni mawili, sketi moja, foronya mbili."

"Basi ndivyo ilivyo." Akaandika, akaupeleka mfuko nyuma ya pazia bila kuufungua.

Mashuka sikupeleka. Mashuka ni mambo yangu mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nguo zimerudi. Sketi imenyooka, sikatai. Akaniuliza, kalamu mkononi, "Kuna malalamiko, mteja?"

Nilikuwa nayo. Nilimwambia hakuna kibao mlangoni, mpita njia atajuaje? Nikamwambia benchi liko nje barazani wakati wateja wanapaswa kukaa ndani. Nikamwambia kumwita mtu namba ni mambo ya magereza. Na kifungo cha pili cha gauni la bluu kilikuwa kinalegea kilipokwenda, sasa kimekazwa kwa uzi wa bluu ambao si bluu ileile.

Aliandika yote. Hakubishana hata kidogo, na hilo likaniudhi zaidi.

Alama: nne juu ya kumi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepeleka mfuko. Alfajiri nilikuwa nimeloweka nguo zote, nikasugua kola na makwapa, nikazisuuza na kuzikamua. Siwezi kumkabidhi mke wa mwanangu uchafu wangu. Mama yangu naye alikuwa akifagia chumba kabla hajaja yule wa kufagia.

Alhamisi, 20 Machi

Alama: tano. Amepata bluu ileile.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nimekaa dirishani kwangu tangu saa tatu hadi saa sita, nikitazama baraza la mbele. Nimeelewa benchi.

Mvua ikishuka watu wanakimbilia pale kwa sababu paa limetokeza. Wanakaa. Joto la pasi linatoka mlangoni pamoja na harufu ya nguo kavu, na mtu aliyelowa akisikia harufu hiyo huwa hana haraka tena. Binti hatoki kuwapigia debe. Leo alikuja kijana mmoja na bahasha kifuani, koti limelowa mabegani, kola imejikunja. Alikuwa anakwenda kuomba kazi. Binti akamwambia, "Nipe hilo koti dakika tano." Akalipiga pasi, akalikausha mabega, akamrudishia. Hakutaja jina la biashara wala hakumwambia aje tena.

Halafu ile miavuli. Anayo sita, mibovu yote, ameishona mwenyewe na kuifunga namba za bati. Anayetaka kuondoka mvua haijaisha anaazimwa mmoja.

Jioni nilimwambia nje ya zamu ya uteja, "Hiyo miavuli hutaiona tena."

"Nimeshaipoteza miwili, Mama."

"Sasa?"

"Aliyerudisha mwavuli alikuja na nguo. Mtu haoni raha kurudi mikono mitupu mahali alipositiriwa."

Nimekaa na walimu wakuu waliosoma vitabu vya uongozi, hakuna aliyewahi kukaa upande wa mtoto kwenye dawati akaangalia ubao unaonekanaje kutoka pale. Huyu anakaa kwanza kwenye benchi. Namwonea fahari, na sitamwambia.

Alhamisi, 3 Aprili

Alama: saba. Wateja kumi na wawili. Namba tisa ni kinyozi.

Lazima nimweleze kinyozi. Ana miaka sitini na kitu, duka lake liko mlango wa nne kutoka kwetu, na nywele zake ni nyeusi ti. Kwenye kioo chake amepanga chupa ndogondogo za mafuta anayoyachemsha mwenyewe, ya kuzuia mvi. Ukiuliza kama yanafanya kazi anainamisha kichwa ukione. "Tangazo langu ni hili hapa," anasema, anajigonga utosini. Huvaa koti jeupe lenye mfuko uliotariziwa kitana kwa uzi mwekundu, na mtaa mzima unalijua koti hilo.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua, mvua, mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mwenye duka la dawa amekuja kunisalimia. Alikunywa chai yangu, akauliza magoti, kisha akasema, "Mama, naona biashara ya binti inasuasua." Akapita chumba cha mbele kana kwamba ameleta nguo, nami nilimwona akipima kwa hatua kutoka dirishani hadi ukutani. Hatua saba. Alikuwa akihesabu makabati yake.

Kwa miaka yote nimekuwa mtu wa kutaka utulivu. Mwezi uliopita ningemfungulia mlango mwenyewe. Leo moyo umenishuka. Nimesikia mjukuu wangu akiimba nyuma ya pazia namba za mifuko kama anavyoimba hesabu za shule, nikafikiri chumba kile kikiwa kimya na makabati ya vidonge.

Kumi na wawili ni wachache. Walikuwa kumi na wawili wiki iliyopita, na leo ni kumi na wawili. Binti hajali tangazo. Basi nitajali mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ningeandika ripoti, jambo kwa jambo.

Saa tano binti alikwenda kumchukua mtoto shuleni. Akaniomba nikae mlangoni kupokea mifuko tu. Nilikaa dakika mbili. Kisha nikapita nyuma ya pazia, kwa sababu miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyenifungia pazia.

Koti la kinyozi lilikuwa limetundikwa, limepigwa pasi, jeupe kuliko siku lilipotoka kwa fundi. Pembeni kulikuwa na daftari la kazi la binti, na kwa namba tisa ameandika: kola, rangi nyeusi ya nywele, ndani na nje, loweka mara mbili, limao. Nikastaajabu. Kumbe doa la rangi ya nywele linatoka. Nikasema huu ndio ushahidi mtaa unaouhitaji. Mkaguzi haamini maneno, anataka kuonyeshwa.

Nikachukua kadi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa vyeti: KOTI HILI LILILETWA KOLA IKIWA NA RANGI NYEUSI YA NYWELE, NDANI NA NJE. LITAZAME LEO. Nikalitundika koti dirishani, kadi chini yake, mfuko wenye kitana ukitazama barabara.

Jina sikuandika. Nilijisifu hata kwa hilo.

Watu walisimama. Nikadhani wanashangaa weupe. Wawili wakacheka, mmoja akakimbia kumwita mwenzake. Kufika saa sita kulikuwa na watu kama ishirini kwenye mvua, na mimi nimesimama mlangoni, kitambaa kichwani, najichekea. Kisha wakagawanyika kumpisha mtu katikati, na mtu huyo alikuwa kinyozi.

Alisoma kadi yote. Akajipitisha mkono kichwani polepole, na nyuma mtu akasema, "Mzee, mafuta hayo chupa bei gani?" Wakaangua kicheko. Yeye akageuka akarudi dukani kwake bila mwavuli.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Binti alirudi amemshika mtoto mkono. Alilitoa koti, akalikunja, akaichana kadi vipande vidogo akavitia kwenye jiko. Nilingoja anifokee. Angenifokea ningejua la kujibu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, katika vilivyomo ndani ya mfuko wako, ungependa kipi kitundikwe dirishani?"

Nilidhani anajua.

Jumamosi, 12 Aprili

Watu wanakuja kuchukua mifuko yao. Hawagombi. Wanasema wanasafiri, wanasema wamepata mtu wa kuwafulia nyumbani. Mmoja aliupekua mfuko wake palepale kuona kama hakuna kilichobaki.

Kinyozi amefunga duka.

Jumatatu, 14 Aprili

Wamebaki wanne, na mmoja wao ni mimi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimelala vibaya, nimeamka na kikohozi. Nitaandika lile ambalo sikutaka kuliandika, kwa sababu baada ya niliyomfanyia yule mzee sina haki ya kujificha hata kwa daftari langu.

Tangu Januari kibofu changu hakinisikilizi. Si kila siku. Mara mbili kwa wiki, mara tatu kukiwa na baridi. Nikiamka nimelowesha shuka, nalifua alfajiri kabla nyumba haijaamka, na kulianika nyuma ya kabati ili mtu asilione. Wakati wa jua halikuwa tatizo. Sasa hewa yenyewe ni maji, shuka halikauki, na jioni nalitandika hivyohivyo likiwa bichi. Kikohozi hiki sikukipata kwa kunyeshewa.

Mimi niliyesimamisha walimu wakuu wima, nalalia shuka bichi kwa kumwogopa msichana wa kufua. Na nguo ninazompelekea nimekwisha kuzifua. Wiki tano nimekuwa nikisahihisha mtihani nilioufanya mwenyewe. Alama zile zote ni bure.

Kinyozi naye ana lake, limekaa kolani. Alilileta kwetu kwa sababu pazia lilikuwa limefungwa. Hivyo ndivyo mteja anavyotuamini, na mke wa mwanangu alijua hilo kabla hajanunua hata sabuni, nami sikujua.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekata shauri. Nimekwenda duka la dawa kununua pakiti ya rangi nyeusi ya nywele. Mwenye duka akaishika pakiti hewani. "Mama, unarudi ujana?"

"Nipe chenji yangu."

Jumamosi, 19 Aprili

Kinyozi amefungua tena. Leo Jumamosi, duka limejaa, na wengi nadhani walikuja kumtazama kichwa kuliko kunyolewa. Nilijifunga kitambaa, nikajikaza kisabuni, nikaingia.

Kinyozi alikuwa ananyoa. Mkono wake ukasimama hewani. Nywele zake hakuzipaka, mizizi ilianza kuonekana myeupe. Sikuweza kuitazama.

"Shikamoo zenu nimezipokea," nikasema, maana hakuna aliyeamkia. "Nimekuja kusema mbele yenu. Ile rangi ilikuwa yangu."

Nikavua kitambaa. Kichwa changu mtaa mzima unakijua, kimekuwa cheupe tangu nilipofikisha hamsini. Leo kilikuwa cheusi kama kiwi.

"Nilijipaka. Nikataka kujiona kwenye kioo na koti zuri, nikavaa la huyu bwana lililokuwa limeshafuliwa. Kola ikashika rangi. Mkwe wangu akalazimika kulifua upya, akaandika kwenye daftari lake, na mimi nikaona aibu, nikamsingizia mwenye koti. Na kadi niliiandika mimi. Mkwe wangu hakuwapo."

Katika maisha yangu nimesema uongo mara chache sana, na kila mara nilijuta. Huu siujutii.

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Kumbe." Yule aliyeuliza bei ya chupa akajitia kusoma gazeti. Kinyozi alimalizia kichwa alichokuwa ananyoa, akapangusa kiti, akaniambia, "Kaa, Mama."

Nikakaa. Alichukua pamba na mafuta, akaanza kunisugua masikio, na kwenye kioo nikaona nilivyokuwa: rangi imenishuka mpaka mashavuni, masikio yote mawili meusi. Aliinama karibu, akasema ili nisikie peke yangu, "Wanaojua, Mama, huanza na mafuta masikioni."

"Sikujua."

"Hujazoea."

Tuliangaliana kwenye kioo. Nikamwambia, kwa sauti ileile ya chini, "Nisamehe, baba."

Aliendelea kusugua. "Jumatatu nina koti na taulo nane," akasema. Halafu, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Lakini mafuta yangu, Mama, ungenijia mapema ningekupunguzia kazi hii yote." Watu wakacheka, na safari hii alicheka nao.

Nilipofika nyumbani mjukuu aliniuliza, "Bibi, kichwa chako kimekwenda wapi?" Mama yake alinitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza. Alianza kucheka amesimama, akamalizia amekaa juu ya mifuko, akifuta machozi kwa foronya ya mtu.

"Hiyo uifue," nikamwambia.

Alhamisi, 24 Aprili

Namba tisa imerudi. Na namba nne.

Alhamisi, 1 Mei

Wateja kumi na mmoja. Sitoi alama tena. Nimemwambia nimestaafu mara ya pili. Lakini bado ananiuliza, "Kuna malalamiko, mteja?" na bado ninayo. Leo: benchi lina mguu mfupi.

Jumatano, 7 Mei

Benchi halitikisiki.

Ijumaa, 9 Mei

Ishirini. Nimesikia kinyozi akimwambia mtu kwenye kiti, mlango wazi, "Pale wanafua madoa, hawayasomi." Kibao hatuna mpaka leo.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua za mwisho ni kali kuliko zote. Siku ya nne haijakatika. Shuka nililofua Jumatano bado ni bichi. Nililofua jana linanuka. Nakohoa mpaka mbavu zinauma, na leo mjukuu ameniletea maji, akasimama kunitazama ninavyokunywa, kama ambavyo mimi nilikuwa nikimtazama babu yake.

Nimekwenda mbele ya watu wazima kumi na tano na kichwa kilichopakwa kiwi. Kufika mlango wa mbele wa nyumba yangu ni hatua thelathini.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeyatia mfukoni. Mashuka matatu, yalivyo. Sikuloweka, sikusuuza.

Nilikaza fundo, nikazunguka nyumba kwenye mvua. Pale mlangoni nilikaribia kugeuka. Kulikuwa na wateja wawili barazani, nikaona haya kurudi nyuma mbele yao. Basi aibu moja ikanisukuma kwenye nyingine.

"Karibu, mteja. Umehesabu?"

"Mashuka matatu."

Akaandika. Hakuinua macho. Akaupeleka mfuko nyuma ya pazia kama anavyoupeleka kila siku, na mimi nikarudi chumbani nikakaa kitandani juu ya godoro tupu. Mchana nilikula naye meza moja. Tuliongea juu ya bei ya mkaa.

Alhamisi, 22 Mei

"Namba moja," akaita, na namba tano alikuwa karibu yangu, na namba kumi na sita. Akanipa mfuko. "Kuna malalamiko, mteja?"

"Sijafungua bado."

"Basi tutaonana."

Niliufungua chumbani, mlango nimeufunga. Mashuka matatu, makavu, bado na joto la pasi, yamekunjwa pembe kwa pembe. Chini yake kulikuwa na kitu ambacho sikupeleka: kitambaa cha kutandika, ukubwa wa kiuno hadi magoti, pamba laini juu na chini, na katikati, nilipokibana kwa vidole, mpira mwembamba. Pembeni kimetariziwa namba moja. Uzi wa ile namba umefifia. Kimefuliwa mara nyingi, ili ugumu uishe.

Nimekishika mapajani zaidi ya saa moja. Uzi haufifii kwa siku tatu. Alikishona zamani, akawa anakifua na kukianika na kukirudisha rafuni, wiki baada ya wiki, akingoja mteja alete mwenyewe. Mtu aliyefua mashuka ya wodi miaka sita hawezi kupita kwenye korido yangu asijue kilicho nyuma ya kabati. Alijua Machi nilipompa nne juu ya kumi. Alijua siku ya koti, alipoketi kwenye kile kigoda akaniuliza lile swali, na hata siku ile, akiwa na hasira ya haki, hakulitamka.

Nimelia, naandika wazi. Kisha nimetandika.

Jumapili, 25 Mei

Nimelala kwenye shuka kavu siku tatu mfululizo. Kikohozi kinaondoka. Mwanangu amepiga simu kuuliza kama mkewe aanze kufunga mizigo. Nikamwambia binti yangu ana wateja ishirini na watatu na hana muda wa mizigo. Kama amewakumbuka, nauli ya kuja huku ni ileile ya kwenda huko. Akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi.

Alhamisi, 29 Mei

Jua. Barabara inatoa mvuke.

Mwenye duka la dawa alifika saa nne na kipimo cha futi mfukoni. Nilimpokelea barazani, kwenye benchi.

"Mvua zimekatika, Mama. Nimekuja kusikia jibu."

"Chumba kina mtu."

"Lakini fikiria. Jua hili, kila mtu atafua mwenyewe na kuanika uani. Nani atakayeleta nguo?"

"Mimi," nikasema.

Alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona sicheki, akaona na kinyozi anakuja na mfuko wake kwapani, na nyuma yake mwanamke mwenye mwavuli wetu na kifurushi. Akarudisha kipimo mfukoni, akaaga kwa adabu. Sina ugomvi naye, dawa ya kikohozi alinipa nzuri.

Kinyozi alinitazama kichwa, mizizi myeupe imeshatoka nusu kidole. "Mama, tuendelee au tuache?"

"Tuache."

"Weupe unakukaa vizuri," akasema, akapita ndani.

Nikaingia nyuma yake nikangoja zamu yangu. Binti yangu alikuwa na uso wa mtu aliyesikia mazungumzo yote ya barazani, lakini alishika kalamu, akanipa mfuko, akauliza kama Alhamisi zote.

"Kuna malalamiko, mteja?"

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Nikatazama lile pazia, nikaona yote niliyotaka kusema ni mambo ya nyuma yake.

"Fundo," nikasema. "Unalikaza mno. Vidole vya mtu mzima vinahangaika."

"Fundo," akasema, akiandika. "Namba moja, fundo lilegezwe." Kalamu ikasimama kidogo kwenye karatasi. "Lingine?"

"Lingine sina."

Akafungua fundo, akalifunga upya taratibu mbele yangu, akanirudishia mfuko kwa mikono miwili.